Majina Tuliyomtajia Mungu Usiku

Kwa miaka mingi sala zangu zilikuwa za kuomba niondolewe jambo. Niliomba vita viondoke, umaskini uondoke, hofu ya makaratasi ya uhamiaji iondoke. Sizidharau sala hizo. Zaburi zimejaa maombi ya namna hiyo, na Bwana wetu mwenyewe, pale Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke. Hata hivyo sala yangu ya leo si ile ya zamani, na iliyoibadilisha ni miaka ya giza niliyoipitia hapa London pamoja na neno moja la mama yangu aliyekuwa Bukoba.

Nilizaliwa Kanyigo, kaskazini mwa Bukoba, katika nyumba ya Walutheri wa Uamsho. Uamsho ule ulianzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukaingia kwetu Kagera na kukaa. Hata askofu wetu, Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, alikuwa mmoja wa ndugu hao. Kwa watu wa Uamsho, Mungu alizungumziwa wakati wa kumenya ndizi na wakati wa kuchota maji. Mtoto alikua akijua kwamba Mungu yupo, kama unavyojua kwamba ziwa lipo hata siku ya ukungu.

Kisha vikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Sisi tulikuwa kusini mwa Mto Kagera. Watu wa ng'ambo walitufikia na mikeka kichwani na watoto mgongoni, na wengine walikuwa wamempoteza njiani mtoto waliyeanza naye safari. Ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu. Mjomba wangu, aliyekuwa amekwenda upande wa Minziro kutafuta mbuzi wa kununua, hakurudi, na mpaka leo hatuna kaburi lake. Usiku hakuna aliyewasha taa. Baba alichimba handaki katikati ya kibanja, tukalala humo tukisikia mizinga, na mama aliomba kwa sauti ndogo ambayo sikuweza kuyashika maneno yake. Mimi niliomba Amin afe.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na Amin akakimbia. Kwa akili ya mtoto, sala yangu ilikuwa imejibiwa nusu. Alikuja kufa Jeddah mwaka 2003, wakati mimi niko London, na nilipoisikia habari hiyo redioni sikuhisi chochote.

Nilikuja London miaka ya 1990. Kwanza nilisafisha ofisi alfajiri, halafu nikaingia kazi ya kulea wazee, sehemu ya kile ambacho Watanzania wa huku wanakiita kubeba boksi. Makaratasi yangu yalichelewa miaka. Jumapili nilisali na Walutheri wenzangu katika kanisa la St Anne and St Agnes, mtaa wa Gresham, katikati ya mabenki. Ni kanisa lililojengwa na Christopher Wren, likaunguzwa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1940, kisha likatengenezwa na kukabidhiwa Walutheri mwaka 1966. Humo nilikutana tena na ibada kwa Kiswahili. Kila nilipoingia nilikumbuka magofu ya kanisa lililopigwa vitani kule Kyaka, na nikafarijika kuona kwamba ukuta uliopigwa bomu unaweza kusimama tena.

Ilikuwa baada ya ibada, tukinywa chai, mama mmoja mwenyeji wa Kabale aliponisimulia habari za Festo Kivengere. Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa na utawala wa Amin tarehe 16 Februari 1977. Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kigezi, alikimbia siku chache baadaye pamoja na mkewe, wakapanda milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo alikuwa ameketi katika kanisa la All Souls, Langham Place, hapahapa London, hatua chache kutoka jengo la BBC. Akitafakari maneno ya Yesu kuwaombea msamaha waliomsulubisha, aliona chuki iliyokuwa imekomaa ndani yake, akaelewa kwamba naye anatakiwa kumsamehe Amin. Mwaka ule ule alichapisha kitabu kidogo ambacho jina lake linasema wazi kwamba anampenda Idi Amin.

Habari ile ilinikasirisha. Yeye alisamehe Aprili 1977, na mwaka uliofuata askari wa mtu yuleyule wakaja mtoni kwetu. Mjomba wangu alifaidika nini na msamaha wa askofu aliyeketi Langham Place?

Nikaenda All Souls siku ya katikati ya juma. Ni kanisa la mviringo kwa mbele, lenye mnara uliochongoka, na siku ile ndani mlikuwa na watu wachache waliokuja kukwepa mvua. Nilikaa muda mrefu. Nililoliona pale, na ninaliamini mpaka sasa, ni kwamba Kivengere hakuondolewa jambo hata moja. Luwum alibaki mfu. Uhamisho ulibaki uhamisho. Amin alibaki Ikulu. Mungu alimkuta askofu yule akiwa bado gizani, akaketi naye humo. Niliyaelewa hayo kwa kichwa tu. Moyo ulichelewa.

Sanamu ya Luwum iko juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey tangu mwaka 1998, mmoja kati ya mashahidi kumi wa karne ya 20, pamoja na Martin Luther King na Oscar Romero. Watalii hupita chini yake bila kuinua macho. Mimi huinua.

Tarehe 23 Machi 2020 waziri mkuu wa Uingereza alitangaza watu wakae nyumbani kwa sababu ya Korona. Makanisa yalifungwa, na maaskofu wakuu wawili wa Kanisa la Uingereza wakawaambia hata makasisi wasiingie kuomba humo. Mmoja wao, wa York, alikuwa John Sentamu, Mganda aliyeikimbia nchi yake wakati wa Amin. Pasaka ilikuwa Aprili 12, na milango ilibaki imefungwa. Sisi wa kazi za kulea wazee tuliendelea na zamu. Wageni walikatazwa. Wazee walikufa wakiwa na sisi peke yetu, nyuso zetu zimefichwa na barakoa, hata hawakujua ni nani anayewashika mkono. Alhamisi saa mbili usiku watu walitoka milangoni kutupigia makofi. Tulishukuru, kisha tukarudi ndani.

Mwishoni mwa Aprili kaka yangu alifariki Bukoba. Tanzania ilikuwa imesimamisha ndege za abiria za kimataifa. Nilimzika kaka yangu kwa simu, nimeketi juu ya kitanda katika chumba changu Barking, na mtandao ulikatika walipoanza kumshusha. Nilijaribu kuomba nikashindwa. Hapakuwa na jambo la kuomba liondolewe, maana lilikuwa limekwisha kutokea.

Baada ya kuanua matanga nilimpigia mama. Sijui kwa nini swali lile lilinijia siku hiyo: kule handakini, usiku wote ule, alikuwa akiomba nini?

"Nilikuwa namtajia tuliokuwemo, mwanangu," alisema. "Mmoja mmoja. Halafu namtaja mjomba wako, ambaye hakuwemo."

"Hukumwomba vita viishe, mama?"

"Hayo tuliyaomba mchana, kanisani, na wenzetu. Usiku nilimtajia majina."

"Na ulijuaje kwamba anasikia?"

Alikaa kimya kidogo. "Mtu hamtajii majina asiyekuwepo."

Usiku uliofuata, katika zamu, nilisimama kwenye kila mlango wa ukanda wetu nikamtajia Mungu jina la aliyelala humo. Penye kitanda kitupu nilitaja jina la aliyekuwapo. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu, ambaye binti yake aliongea naye kwa simu niliyoishikilia sikioni mwake mpaka pumzi ikakata. Nilimtaja yeye, nikamtaja binti, nikamtaja kaka yangu, nikajitaja. Hakuna mwanga ulioonekana, wala sauti iliyosikika, wala vifo havikupungua kwa sababu yangu. Lakini sikuwa peke yangu katika ukanda ule. Nasema hivyo kwa dhati, kama shahidi.

Tangu hapo Zaburi ya 88, niliyokuwa nikiiruka, imekuwa karibu nami sana. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikashukuru. Hii haigeuki. Inaishia gizani. Lakini tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho anayelia anasema na Mungu, hajageuka kusema na mwingine, na Kanisa limeiacha ndani ya Biblia hivyo hivyo ilivyo. Wahubiri wetu wanaoahidi kwamba usiku utaisha kesho asubuhi wangeisoma kwanza.

Mwaka 2021 wafiwa walianza kuchora mioyo myekundu kwenye ukuta ulio kando ya Mto Thames, nje ya hospitali ya St Thomas', ukitazamana na Bunge, moyo mmoja kwa kila aliyekufa kwa Korona. Ukuta ule unafika karibu nusu kilomita. Nilikwenda na kalamu, nikaandika ndani ya mioyo majina ya kwanza ya wazee wa ukanda wetu. Wino umefifia sasa, kama rangi ya mioyo yenyewe ilivyofifia mpaka wanaojitolea wakaanza kuipaka upya.

Mama alifariki baadaye, ndege zikiwa zimerudi angani, nami niliwahi kumzika.

Wewe uliye katika mji huu, uliyepokea simu ya msiba usiku na huna namna ya kusafiri: usikimbilie kutafuta sala ndefu. Mtaje marehemu kwa jina mbele za Mungu, kisha wataje waliobaki, kisha jitaje wewe. Halafu asubuhi mpigie simu Mswahili mwenzako aje mkae pamoja. Tupo wengi London, na hatutakuuliza wewe ni wa dhehebu gani.