Faru wa Ngorongoro na Majambia ya Yemen

Barabara ya Seneto huteremka ukutani mwa Kreta ya Ngorongoro kwa mikunjo mikali, na chini yake, kina cha mita zipatazo 600, umetandaa uwanda wa kilomita za mraba kama 260. Tulifika chini jua likiwa bado changa, watoto wamejifunika mablanketi, kwani baridi ya kule juu haina simile. Nyumbu na pundamilia walisimama kando ya njia kama mifugo. Sisi tulimfuata mmoja tu: faru mweusi.

Jina hilo lisimpotoshe msomaji. Ngozi yake ni ya kijivu, na mara nyingi huchukua rangi ya tope aligaagaalo ili kujikinga na jua na wadudu. Tofauti yake na nduguye, faru mweupe, imo mdomoni. Mweupe ana mdomo mpana wa kukatia nyasi. Mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, unaoshika tawi kama kidole kishikavyo. Chakula chake ni vichaka, na hata vyenye miiba huvitafuna bila wasiwasi.

Macho yake ni dhaifu. Humlinda pua na masikio, pamoja na shashi, ndege ambaye Waswahili wamemwita askari wa kifaru. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanywa Afrika Kusini, ulionyesha kuwa jina hilo si la utani: faru mwenye ndege hao mgongoni hutambua mapema zaidi kuwa binadamu anamkaribia. Kinyesi nacho ni barua yake. Hukitawanya kwa miguu ya nyuma, na mwenziwe apitaye hunusa akajua ni nani aliyetangulia. (Watoto wetu walicheka sana kwa hili, na dereva akawaongezea.)

Yapata saa nne tuliwaona wawili, mbali, wakitoka upande wa msitu wa Lerai: mama mbele, ndama nyuma. Ndivyo walivyo faru weusi. Kwa weupe ndama hutangulia. Mama huyo hubeba mimba miezi 15 au zaidi, huzaa ndama mmoja, na huweza kukaa miaka mitatu kabla ya kuzaa tena. Ukimuua mmoja, pengo lake halizibiki upesi.

Na waliuawa wengi. Katikati ya miaka ya 1960 mtafiti John Goddard aliwatambua, mmoja mmoja, faru zaidi ya 100 katika kreta hii. Miaka 30 baadaye walikuwa wamebaki wachache mno. Afrika nzima ilikuwa na faru weusi wapatao 65,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1990 hawakufika 2,500. Leo wamepita 6,000.

Pembe iliyowaponza imeumbwa kwa kitu kile kile cha kucha na nywele zetu. Nyingine zilikwenda Asia ya Mashariki kufanywa dawa. Nyingine, na hili Waislamu hatuna budi kulitaja, zilikwenda Yemen kuchongwa vipini vya majambia. Vijana wa huko waliofanya kazi Saudi Arabia miaka ya 1970 walirudi na fedha, na kipini cha pembe ya faru kikawa alama ya heshima. Serikali ya Yemen Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa pembe mwaka 1982, biashara ikaendelea kwa siri. Mwaka 1992 Mufti Mkuu wa Yemen alitoa fatwa kwamba kuwaua faru kwa ajili ya vipini ni kinyume na matakwa ya Mwenyezi Mungu. Fatwa hiyo ingefaa kusikika zaidi hata misikitini kwetu, kwani majangili walikuwa huku, si Sana'a.

Faru Fausta, jike maarufu wa kreta, aliyapita yote hayo. Macho yalipofifia na fisi walipoanza kumjeruhi, mwaka 2016 aliwekwa zizini na kulishwa. Alikufa Desemba 2019, akikadiriwa kuwa na miaka 57, kwa uzee.