Jina Jipya, Jiko Lilelile

Katikati ya Nakuru, mji ambao siku hizi hata boda inakosa pa kuegesha, kuna uwanja mzima wa kriketi. Ni wa Rift Valley Sports Club. Ilianzishwa 1907 kama Nakuru Club, klabu ya walowezi, miaka michache tu baada ya reli kufika hapa. Zamani hizo Mwafrika aliingia akiwa amebeba trei. Zanzibar nako kulikuwa na English Club ya tangu 1888; baada ya Mapinduzi ikaja kuwa Africa House, na leo ni hoteli ambayo watalii hujazana kutazama jua likizama. Mabango hubadilika, na mimi sina shida na hilo. Wale wanaolilia baa za wazungu eti "zilikuwa na historia", historia hiyo sisi tuliiosha kwenye glasi.

Guka alikuwa mhudumu kwenye baa kama hizo, upande wa Gilgil. Alijua majina ya pombe za Uingereza kabla hajajua kuandika lake. Tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta aliwahutubia walowezi hapa Nakuru, akawaambia tusameheane, wabaki walime. Wengine walibaki. Wengi waliuza mashamba wakaenda zao. Baa ya kina Guka ikapata mwenyewe mwingine na jina lingine, na yeye akaendelea na kanzu ileile hadi ikachakaa. Hakuna aliyemuuliza kama ana cheti.

Mamangu ameulizwa.

Amepika miaka kumi na tisa kwenye baa moja karibu na Ziwa Naivasha. Sitaitaja. Wateja walikuwa Waholanzi wa mashamba ya maua, Waingereza waliostaafu, na wale wazungu wa kuzaliwa huku wanaoongea Kiswahili kizuri kuliko changu. Mwaka jana ikauzwa. Sasa ina jina la Kiswahili, taa za zambarau, na didjei wa wikendi kwa ajili ya watu wa Nairobi. Jina la Kiswahili, lakini barua ya kuwaachisha watu kazi ilikuja kwa Kizungu kigumu, mathe akanipigia nimsomee. Wanaotaka kubaki waombe upya, kwa intaneti.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Naishi kwa kuandikia watu vitu: makala za kampuni, hotuba za harusi, CV kwa mia mbili. Basi nikashuka Naivasha na matatu, tukaketi na laptopu yangu isiyo na betri, waya kwenye soketi ya jirani.

Elimu: darasa la nane. Ujuzi? Akasema, andika napika. Nikamwambia mama, hiyo haitoshi. Akanyamaza, halafu yakaanza kumwagika: pai ya nyama ya kondoo, samaki wa kukaanga na chipsi, kari ya Jumapili ya watu sitini na gesi moja imeharibika. Mzee fulani asiyeweza kula njugu, usoni anafura. Nani hupewa chai badala ya wiski akishafika glasi ya tano, na jinsi ya kumpa bila yeye kujua. Nikatafuta pa kuyaweka hayo, fomu ikaniruhusu herufi mia mbili.

Mdhamini? Bosi wa zamani aliondoka nchini, na namba yake haipiti tena.

Swali la mwisho lilikuwa: sababu ya kuacha kazi ya awali.

"Sijaacha," mathe akasema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi niko hapo, kuna mandazi ya kukaanga. Andika sijaacha."

Nikaandika. Fomu ikakataa, ikataka tarehe.