Moshi Mweusi

Baba mdogo anaishi Buterere, na teksi yake, Toyota Corolla ya mwaka 1997, ndiyo inayonilipia masomo. Muhula uliopita ilikataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya moshi. Bila cheti hawezi kubeba abiria, na bila abiria mimi sina karo.

Majirani walicheka: "Moshi wa gari ni nini mbele ya moshi wa jalala letu?" Mmoja akamshauri apeleke gari la mwenzake lenye namba zake. Baba mdogo akakataa. "Nitapata cheti," alisema, "lakini gari litabaki na ugonjwa wake."

Tukaenda kwa fundi wa mtaani. Swali lake la kwanza lilihusu rangi. Moshi wa buluu, alinieleza, ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma ni maji ya rejeta yanayoingia ndani ya injini. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa. Wetu ulikuwa mweusi. Nikajifanya mjuzi: vumbi la Buterere limeziba filta ya hewa! Tukanunua mpya. Moshi ukabaki vilevile, na mapato ya siku mbili yakawa yameondoka.

Fundi akafungua plagi, ambazo hapa kwetu tunaziita buji. Zilijaa masizi makavu. Ndipo akaipima sensa ya joto la maji ya injini. Injini ikiwa imepoa, ukinzani wa sensa hiyo huwa kiloomu 2 hadi 3. Maji yakifika nyuzi 80, hushuka chini ya omu 400. Yetu ilibaki juu hata injini ilipopata moto. Kompyuta ya gari iliamini injini bado ni baridi, ikazidi kuongeza petroli. Baridi, hapa Bujumbura!

Nikakumbuka usiku ambao baba mdogo alilala kwenye foleni ya petroli, kisha akalalamika kwamba tangi linaisha upesi. Nilidhani ni uchungu wa uhaba tu. Kumbe alikuwa akitutajia ugonjwa wenyewe, na hakuna aliyemsikiliza.

Sensa ya mtumba iligharimu kidogo kuliko filta niliyoishauri. Gari likapita. Baba mdogo hakunisimanga, alisema tu, "Mwanangu, siku nyingine tupime kwanza, ndipo tununue."