Mikate Midogo ya Latvia

Latvia ni nchi ndogo ya Ulaya, kando ya bahari ya Baltiki. Mji wake mkuu ni Riga. Sikukuu ikikaribia, kama Noeli au Pasaka, kila nyumba hunukia mkate.

Mama hukanda unga wa ngano pamoja na maziwa ya vuguvugu, siagi na chachu. Huufunika kwa kitambaa, hungoja uumuke. Wakati huo bibi hukatakata nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na vitunguu, vipande vidogo sana.

Watoto nao wana kazi yao. Hukata unga kwa mdomo wa kikombe, upate umbo la duara. Hutia nyama kidogo katikati, hukunja, hubana kingo kwa vidole. Kisha hupinda ncha mbili, na mkate hufanana na mwezi mwandamo. Bibi hutazama kila mmoja. Akiona tundu husema: «Bana tena, mjukuu wangu! Mafuta yatamwagika motoni.» Mwisho mama hupaka yai juu, naye huitia mikate tanuruni mpaka iwe rangi ya dhahabu. Mikate hiyo huitwa pīrāgi.

Lakini watu hao waliona taabu kubwa. Mwaka 1940 askari wa Umoja wa Kisovyeti waliitwaa nchi yao. Mwaka 1941 maelfu ya watu walikamatwa na kupelekwa Siberia, wazee kwa watoto. Basi mwaka 1944, askari hao walipokuwa wakirudi, watu zaidi ya 100,000 walikimbia. Nyumba, ng'ombe na mashamba vilibaki nyuma. Wengi walikaa miaka kadhaa katika kambi za wakimbizi huko Ujerumani, kisha wakatawanyika: Marekani, Kanada, Australia, Uingereza.

Kazi ya vidole haikubaki nyuma. Huko ugenini akina mama walipika pīrāgi kwa unga na nyama walivyovipata. Watoto wasioijua Riga walifundishwa kubana kingo, na katika kazi hiyo walisikia lugha ya wazazi wao.

Mwaka 1991 Latvia ilipata tena uhuru wake. Waliorudi kutazama nchi yao walikuta mikate ile ile mezani, imepindwa vile vile.

Wazee husema: Mwacha mila ni mtumwa. Watu hao walinyang'anywa mengi, lakini mila yao hawakuiacha.