Mwamba Ngoma

Ipo methali ambayo kila mtoto wa shule aijua: "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake." Sisi tumeifundisha miaka mingi hapa Lubumbashi, tukiwaeleza wanafunzi kwamba kila mtu hutafuta kwanza faida yake mwenyewe. Wala hatukujiuliza hata siku moja kama methali hiyo yamtendea haki mwamba ngoma. Tulijiuliza siku tulipoletewa shuleni ngoma ya kigeni, na jibu lake likatuaibisha. Twawasimulia, wasomaji wapenzi, kwa kuwa huenda aibu hiyo si yetu peke yetu.

Ilikuwa kiangazi. Sista mmoja, mzaliwa wa Tamil Nadu katika India ya Kusini, alikuja kuwatembelea masista wenzake mjini mwetu, akakubali kufika darasani pamoja na ngoma yake. Ngoma hiyo huitwa mridangamu. Wenyeji hulieleza jina hilo kwa maneno mawili ya lugha yao ya kale, yaani "udongo" na "mwili", kwa maana yasemekana hapo zamani ilifinyangwa kwa udongo. Siku hizi huchongwa kwa gogo la mfenesi. Umbo lake ni kama pipa, pana katikati na jembamba kwenye ncha zake mbili, na kila ncha imewambwa ngozi. Ngozi hizo mbili huvutana kwa kanda ndefu zilizokazwa toka mdomo huu hata mdomo ule. Mpigaji huketi chini, akailaza mbele yake, akaipiga kwa viganja na vidole, bila fimbo.

Kabla ya kupiga, Sista aliomba maji. Akatoa chenga za ngano katika mfuko wake, akazikanda mpaka zikashikana, akalibandika donge lile katikati ya ngozi ya kushoto. Mtoto mmoja hakuweza kujizuia, akapaza sauti: "Mwalimu, ngoma hii inakula bukari!" Darasa zima likacheka. Sista alipofasiriwa, naye akacheka, akajibu: "Ndiyo, na isiposhiba hainguruma." Ndivyo ilivyo, kwa kuwa donge hulipa ngozi uzito, na sauti hushuka chini. Ngoma ikiisha kupigwa, donge hubanduliwa, na siku nyingine hukandwa jipya.

Upande wa kulia una duara jeusi lisilobanduliwa. Ni wali ulioiva mno, uliopondwa pamoja na unga wa jiwe jeusi lenye madini ya chuma. Fundi huupaka kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, akisugua kila tabaka kwa jiwe mpaka likauke. Twaishi katika nchi ya mawe na madini, wala hatukuwahi kufikiri kwamba jiwe laweza kuimba. Lakini mtaalamu mmoja wa India, C. V. Raman, yule aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930 kwa uchunguzi wake juu ya mwanga, alizichunguza pia ngoma za kwao. Alionyesha kwamba ngozi tupu hutoa sauti zisizopatana, na kwamba duara lile ndilo linalozipatanisha, hata ngoma ikawa na sauti safi kama uzi wa zeze. Wapigaji wa kwetu nao, kama Wachokwe na Walunda, hupaka nta au ulimbo juu ya ngozi ili kuirekebisha sauti. Basi akili hiyo si ya taifa moja.

Sista aliwafundisha watoto somo la kwanza: ta, di, tom, nam. Huko kwao mwanafunzi hutamka mapigo kwa kinywa na kuyahesabu kwa mkono, na mapigo manane ndiyo mzunguko unaotumika zaidi. Watoto wetu waliyashika upesi kuliko sisi.

Hapo msichana mmoja akauliza: "Mama Sista, nani anaitengeneza ngoma hii?" Sista akanyamaza kidogo, kisha akatueleza habari tusiyoitazamia. Ili mridangamu ulie vizuri, yahitajiwa ngozi ya ng'ombe, pamoja na ya mbuzi na ya nyati wa kufugwa. Lakini katika nchi ile Wahindu humheshimu ng'ombe mno, na ashikaye ngozi ya mnyama aliyekufa alihesabiwa kuwa najisi. Kwa hiyo wapigaji mashuhuri wengi walikuwa Wabrahmini, watu wa tabaka la juu, na mafundi walikuwa Wadalit, watu waliowekwa chini ya matabaka yote. Tena mafundi wengi wa Thanjavur, mji uliosifika kwa kazi hiyo, ni Wakristo. Palghat Mani Iyer (1912–1981), mpigaji aliyesifiwa kuliko wengi, alitengenezewa ngoma na fundi aliyeitwa Parlandu. Jina la kwanza lilijulikana India nzima. La pili lilijulikana na wachache, mpaka mwimbaji T. M. Krishna alipotoa kitabu mwaka 2020 juu ya mafundi hao, akakiita *Sebastian and Sons*. Hata siku ya kukizindua ilileta ubishi, maana ukumbi wa kwanza mjini Chennai ulifuta ruhusa yake, wakalazimika kuhamia kwingine.

Watoto walisikitika, wengine wakakasirika. "Watu wale wana roho mbaya!" walisema. Sisi tulitaka kuitikia, lakini ulimi ulikuwa mzito. Tulikumbuka karatasi moja.

Karatasi hiyo tuliiandika wenyewe, parokia ilipofanya jubilei. Tulimshukuru aliyetoa kinanda cha umeme, tukawashukuru waimbishaji, na akina mama walioshona vitenge vya kwaya, na hata mwenye gari lililobeba viti. Kwenye benchi la nyuma alikuwa ameketi mzee mmoja wa Katuba, aliyechonga ngoma zetu tatu na kuziwamba upya kila zilipopasuka. Mjukuu wake alimsomea karatasi ile, jina baada ya jina, hata mwisho. Mzee aliikunja, akaitia mfukoni. Tuliliona jambo hilo kwa macho yetu, tukajiambia kwamba tutasahihisha siku nyingine. Siku hiyo hatukuitafuta.

Lakini nchi yetu ya Katanga ina deni la pekee kwa ngoma. Mwaka 1958 wavulana na walimu wa Kamina, pamoja na Padre Guido Haazen, Mfransisko, waliimba Missa Luba, na santuri yao ikasikiwa duniani kote. Mwaka 1988 Roma iliithibitisha ibada ya Misa kwa majimbo ya Zaire, jina la nchi yetu wakati ule. Twamtaja padre, twaitaja kwaya. Je, nani kati yetu awezaye kumtaja aliyezichonga ngoma zile za Kamina?

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Katuba. Tulimkuta mzee uani, akikuna ngozi ya mbuzi. Tuliomba msamaha kwa maneno marefu, kama desturi ya walimu. Alisikiliza yote, kisha akasema: "Mwalimu, ngoma yenu kubwa imelegea. Naisikia tangu Pasaka." Tulimwomba ruhusa ya kuandika jina lake katika gazeti hili. Alikataa: "Liandikeni huko kanisani, wanaponijua. Tena jina halinisaidii kuvuta ngozi. Mikono imechoka, na wanangu hawaitaki kazi hii. Nipatieni watoto wawili."

Basi, mwamba ngoma huyu hakujivutia kitu. Sisi tuliocheza kwa ngoma yake ndio tuliojivutia sifa.

Tumekwisha kuliandika jina lake, kwa herufi kubwa, kwenye ubao wa matangazo wa parokia. Watoto wawili hatujawapata, ila mmoja tu, yule yule aliyesema kwamba ngoma inakula bukari. Amekwisha haribu ngozi mbili, na mzee asema kwamba ndiyo ada ya shule.

Nanyi, wasomaji wapenzi, ngoma ikilia Jumapili ijayo, mwulizeni jirani yenu ni nani aliyeiwamba. Akiwa hajui, mtafuteni pamoja, maadamu yungali hai.