Video ya mtoto yagoma kufunguka asubuhi ya kliniki

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumatatu, Pugu Kajiungeni, mama mmoja alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, mtoto wake wa miezi sita amelala pembeni. Alitaka kuitazama video moja kabla ya kutoka kwenda kliniki. Akabonyeza. Sauti ikatoka vizuri: jogoo wa jirani, kitanda kikilia, bibi wa mtoto akisema, "Mshike kichwa, mshike." Lakini kioo kilibaki cheusi.

Akabonyeza tena. Sauti ile ile, giza lile lile. Akajaribu video nyingine nne za mtoto huyo. Zote zikasikika, hakuna hata moja iliyoonekana.

Video ile ilikuwa na sekunde 52 tu, lakini safari nzima ya siku hiyo ilikuwa inaitegemea.

Kwa siku tisa mtoto alikuwa akifanya jambo ambalo nyumba nzima ilishindwa kulipa jina. Akiamka usingizini, kichwa kinaanguka mbele ghafla, mikono inaruka juu kama mtu aliyeshtuliwa, kisha anatulia. Baada ya sekunde chache anarudia, mara kumi, mara kumi na tano, halafu analia. Bibi alisema ni mchango, akashauri apakwe mafuta tumboni. Jirani alisema ni kushtuka tu, watoto wote hushtuka. Mama alimpeleka kituo cha afya, lakini siku hiyo mtoto alikuwa mchangamfu, anacheka na kila mtu. Alipoulizwa anafanyaje, mama alijaribu kuigiza kwa mikono yake, akajiona mjinga.

"Mama, akifanya tena, mrekodi kwa simu," mhudumu alimwambia, akamwandikia barua ya rufaa kwenda kliniki ya watoto mjini, Jumatatu inayofuata.

Alimrekodi Jumapili alfajiri. Jumapili usiku simu ikabadilika.

Haikuchukua muda kujua kilichotokea. Jumamosi walikuwa wameshinda kwa shangazi Ukonga, kwenye waifai ya bure, na simu ikapakua toleo jipya la mfumo wake bila mtu kuuliza. Jumapili usiku ikiwa kwenye chaji, ujumbe ukatokea kwenye kioo, na mtoto mkubwa wa miaka tisa, aliyekuwa akitazama katuni, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokiona. Asubuhi simu iliamka na maandishi mapya na rangi mpya. Wengi huona kama wamepewa simu mpya bure. Mama huyu alijihisi kama mtu aliyebadilishiwa kitasa cha mlango, vitu vyake vyote vikiwa ndani.

Mdogo wake wa kiume, anayesoma chuo na anaishi nao, aliamshwa kwa kutikiswa bega.

"Dada, tulia kwanza. Usifute kitu chochote," alisema kabla hata hajakaa vizuri.

Alianza na jambo jepesi: akazima simu kabisa, akaiwasha. Kwa siku ya kwanza baada ya kusasishwa, simu huwa na kazi nyingi za chinichini, na wakati mwingine kuizima na kuiwasha kunatosha. Safari hii haikutosha. Akatazama nafasi: ilikuwa karibu kujaa, kwa sababu mfumo mpya nao unahitaji mahali pa kukaa. Akafuta katuni mbili za zamani. Akaingia kwenye mipangilio, akaitafuta programu inayofungua picha na video, akafuta akiba yake. "Hii akiba ni takataka za muda, picha zako hazimo," alimweleza dada yake aliyekuwa ameshika kifua. "Hapa chini palipoandikwa futa data ndipo pa kuogopa, ukikosea programu ukabonyeza hapo unaweza kupoteza vitu vyako."

Video bado ilikuwa nyeusi, na muda ulikuwa unakwenda. Bando lilikuwa limeisha. Saa kumi na mbili na robo mama alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akachukua barua na kadi ya kliniki, akapanda daladala.

Alishuka Gongo la Mboto kubadilisha gari, akamwona fundi simu anafungua kibanda. Akamweleza. Fundi alisikiliza nusu, akaigeuza simu, akasema kwa uhakika, "Hii mama imeharibiwa na apdeti. Dawa yake ni kuiflashi. Elfu kumi, dakika arobaini inakuwa kama mpya."

"Na video zangu?"

"Hizo sasa, zikipona ni bahati."

Mama alisimama pale na noti ya elfu kumi mkononi, nauli na chakula cha siku nzima. Foleni kliniki ilikuwa inaendelea kujaa. Fundi alikuwa ameshaanza kutafuta waya. Kuiflashi simu, kama ilivyo kuirudisha katika hali ya kiwandani, kwa kawaida hufuta kila kilichomo, na kisichokuwa na nakala mahali pengine hakirudi. Simu ingepona kweli, lakini sekunde zile 52 zingekuwa zimekwenda, pamoja na video za siku za mwanzo ambazo zingemwonyesha daktari jambo hilo lilianza lini.

Alimpigia mdogo wake. Jibu lilikuwa fupi: "Dada, mnyang'anye simu. Sauti ikisikika, faili lipo. Weka bando, nikuelekeze."

Alichokuwa anakisema kijana huyo kinafaa kujulikana na kila mzazi mwenye picha za watoto kwenye simu. Video haihifadhiwi kama ilivyo, ingemaliza nafasi yote kwa siku moja. Simu huibana kwa kanuni maalumu, na anayeifungua lazima aijue kanuni hiyo. Wataalamu wanaiita kodeki. Simu nyingi hutumia kodeki inayoitwa H.264, ambayo karibu kila kifaa kinaifahamu. Nyingine, hasa ukichagua kuhifadhi nafasi, hurekodi kwa H.265, iliyopitishwa mwaka 2013, ambayo hubana zaidi lakini si kila programu inaifungua vizuri. Picha na sauti hubanwa kila moja kwa kanuni yake. Ndiyo maana programu inaweza kusoma sauti ikashindwa picha. Mfumo wa simu unapobadilika, programu ya kutazama video inaweza kubaki nyuma, ikashindwa kuelewana na sehemu ya simu inayosaidia kufungua picha. Video yenyewe haijaguswa.

Mama aliweka bando la siku, akasimama kando ya kibanda cha chipsi kilichokuwa bado kimefungwa, akapakua programu ya bure inayoitwa VLC. Programu hiyo hubeba kodeki zake yenyewe, haitegemei zilizomo kwenye simu. Ikaingia. Akaifungua. Haikuonyesha video hata moja.

Machozi yakamtoka palepale kituoni.

"Uliulizwa nini ulipoifungua?" mdogo wake aliuliza kwenye simu.

"Kuruhusu picha na video. Nikabonyeza tu."

Hapo palikuwa na fundo la pili. Tangu Android 13 iliyotoka mwaka 2022, programu huomba ruhusa ya video peke yake, mbali na picha na muziki. Toleo lililofuata, Android 14, likampa mwenye simu uwezo wa kuichagulia programu picha na video chache tu za kuona. Ni ulinzi mzuri, lakini asiyeujua hudhani vitu vyake vimepotea. Mama alirudi kwenye mipangilio, akaingia kwenye programu, akaingia kwenye ruhusa, akaruhusu zote. Orodha ikajaa. Picha ikawa inakatakata, kijana akamwelekeza azime kipengele kinachoifanya VLC itegemee chipu ya simu.

Akabonyeza tena. Jogoo, kitanda, sauti ya bibi. Na mwanawe, katika mwanga hafifu wa Jumapili, kichwa kinaanguka, mikono inaruka.

Hakuna mama anayefurahia kumwona mtoto wake katika hali ile. Yeye alicheka kwa nguvu hadi kondakta akageuka.

Kabla ya kupanda gari alifanya jambo moja zaidi alilosisitiziwa: aliituma video ile kwa mume wake na kwa mdogo wake kupitia WhatsApp, kama faili la hati na si kama video ya kawaida. Ikitumwa kama hati huenda kama ilivyo. Ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa tena na kupungua ubora, na kwa daktari anayetazama jinsi jicho au kidole cha mtoto kinavyocheza, ubora huo una maana.

Daladala ilipita uwanja wa ndege, ikapita Tazara, foleni ya magari ikiwa ile ya siku zote. Alifika kliniki namba yake ikiwa haijaitwa. Mtoto, kama kawaida yake, alikuwa anatabasamu.

Daktari alimpima, akamgeuza, akamchezea. Hakuona kitu. Kisha akaitazama ile video mara mbili bila kusema neno. Mara ya tatu akahesabu kwa sauti. Akauliza yalianza lini, mama akamfungulia video ya siku ya pili, tarehe ikiwa imeandikwa juu yake.

"Umefanya vizuri sana kuja na hii," alisema. "Kwa maneno tu ningekuwa nabahatisha."

Aliandika kipimo cha umeme wa ubongo, na akaeleza wasiwasi wake: aina ya kifafa cha watoto wachanga ambayo mara nyingi huanza kati ya miezi mitatu na kumi na miwili. Haifanani na degedege watu wanaloliogopa, mtoto kukakamaa na kutoa povu. Huja kama kushtuka kwa sekunde moja au mbili, kwa mafungu, hasa anapoamka. Kwa sababu ni ndogo na mtoto hutulia haraka, husingiziwa chango au woga. Kumbe ni ya haraka, kwani kila tiba inapochelewa, ukuaji wa ubongo huwa hatarini zaidi.

Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1841 na William James West, daktari wa Uingereza aliyeandika barua kwenye jarida la The Lancet. Mgonjwa alikuwa mwanawe mwenyewe. Alieleza kwa maneno jinsi kichwa cha mtoto kilivyoinama na kuinuka, akiwaomba madaktari wenzake wamsaidie. Maneno ndiyo aliyokuwa nayo. Mzazi wa Pugu leo ana kitu ambacho daktari yule hakuwa nacho, kikiwa kwenye pochi pamoja na nauli.

Kipimo kilithibitisha, dawa zikaanza wiki hiyo hiyo. Mtoto bado anahudhuria kliniki na safari ni ndefu. Mishtuko imepungua. Bibi, aliyekuwa na chupa ya mafuta, sasa ndiye anayekumbusha saa ya dawa.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii, kurekodi si kazi ya kwanza. Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, tazama saa. Likizidi dakika tano, mkimbizeni hospitali. Kama mpo wawili, mmoja amhudumie na mwingine arekodi, mwili mzima uonekane, uso na mikono, taa ikiwa imewashwa.

Na simu ikisasishwa video zikagoma, zima uiwashe, angalia nafasi, sasisha programu ya video, jaribu programu nyingine, kagua ruhusa, jaribu faili hilo kwenye simu ya mwenzako. Kuflashi kuwe mwisho kabisa, baada ya nakala kutoka.

Mwezi uliopita ujumbe wa kusasisha ulitokea tena kwenye simu ya mama huyo. Hakuukataa, kwa sababu masasisho huziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitumia. Lakini aliangalia kwanza kalenda ya kliniki, akaona bado siku kumi na mbili. Akatuma video zote mpya kwa mume wake, akamwita mdogo wake athibitishe zinafunguka upande wa pili. Kisha akaiweka simu kwenye chaji, juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mtoto wa miaka tisa haufiki, na kabla ya kwenda kulala akabonyeza mwenyewe.