Mahali pa Kuchimba Bwawa la Samaki

Katika nchi yetu ya Nachingwea samaki mbichi ni mgeni wa heshima. Walio wengi sokoni ni wakavu, nao wamesafiri mbali kutoka pwani hata kutufikia. Basi tulipokwenda Ruangwa kumwamkia mwalimu mwenzetu, tukaandaliwa perege aliyevuliwa saa ile ile nyuma ya nyumba, tamaa ilituingia. Tulirudi tukiwaza bwawa tu. Neno moja hatukulifikiri, nalo ni mahali pa kulichimba, kwa maana tulidhani kila shimo lenye maji latosha kuwa bwawa.

Mbele ya nyumba yetu pana mwembe mkubwa, na chini yake ndipo tukaapo na wageni. Tukasema, Hapa. Twaungama ya kuwa hatukupachagua kwa ajili ya samaki, bali kwa ajili ya wapitao njiani, wapate kuliona bwawa la Mwalimu. Mama watoto aliuliza jambo moja tu: “Mwezi wa Septemba, maji ya kuongeza atayachota nani?” Wakati ule ulikuwa Februari, mvua yanyesha, mitaro imejaa, na Septemba ilikuwa mbali nasi. Tulimjibu kwamba Mungu atatoa maji. Leo twaona haya, kwa kuwa tulilitaja jina la Mungu ili kukwepa swali la ndoo.

Tukachimba bwawa la mita 10 kwa 5, na kwa fedha ya korosho, iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya bati, tukanunua vifaranga 100. Nao hawakukaa sana. Yafaa msomaji ajue sababu. Perege apenda maji ya vuguvugu yapigwayo na jua, kwa kuwa jua huotesha ule ukijani mwembamba wa majini. Ukijani huo ni chakula chake, na tena mchana hutoa hewa ndani ya maji. Kivulini haukui vema. Tena majani ya mwembe yaangukayo huoza, na kuoza kwake hula hewa ile ile ambayo samaki yampasa kuivuta. Saa za karibu na alfajiri ndipo hewa ya majini hupungua kuliko saa zote.

Asubuhi moja ya Mei tuliamka kabla ya kengele ya kanisa, tukawakuta vifaranga wote wamekuja juu, vinywa wazi, wakitweta. Jua lilipochomoza wengi walikuwa wamelala ubavu. Tuliwahesabu waliosalia, 11. Mama watoto hakusema kitu. Aliwaokota waliokufa akawatia katika ungo, kisha akatwaa ndoo yake akaenda kisimani. Afadhali angalitukaripia.

Kwetu sisi Wamwera shauri la nyumba huenda kwa mjomba, nasi tukaenda. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatukumbusha habari ya karanga. Mwaka 1946 wajumbe wa Kiingereza walizunguka Tanganyika kwa muda wa majuma tisa hivi, mara nyingi kwa ndege, wakachagua mahali pa kulima karanga nyingi mno. Nachingwea ikawa mojawapo. Kazi ilianza mwaka 1947, na mwanzoni mwa 1951 ikaachwa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hata kwetu ilifungwa mwaka 1962. “Wao waliitazama nchi toka juu,” akasema, “na wewe, mpwa wangu, umeitazama toka barazani. Nani kati yenu aliyeshika udongo mkononi?”

Akaja mwenyewe, akatuzungusha uani na shambani siku tatu. Kwanza tulipenda bondeni karibu na kijito, maana udongo ni mzuri na maji yapo. Akakataa. Mvua ikizidi, akasema, kijito kitapanda na kuwachukua samaki wote. Na siku nyingine zote mtakuwa mnawafugia korongo na kenge, pamoja na mwenye miguu miwili ajuaye kuwa bondeni hakuna mtu usiku.

Mwisho tulisimama nyuma ya jiko, kwenye mteremko mdogo, chini ya kisima na juu ya bustani ya mchicha, mahali ambapo hakuna mti wa kuzuia jua. Tulikamata udongo wenye unyevu tukaufinyanga bonge, tukalirusha juu na kulidaka, halikumeguka. Tukachimba shimo la kufika kiunoni, tukalijaza maji jioni. Asubuhi yalikuwa yameshuka, nasi tulikata tamaa, lakini mjomba alisema ardhi kavu hunywa kwanza; tukalijaza tena, tukalifunika kwa matawi. Kesho yake maji mengi yalikuwapo. Ndipo tukachimba bwawa lenyewe, na chini yake tukashindilia udongo wa kichuguu.

Lakini kabla ya vifaranga kuja, mama watoto alitaka bati kwanza. Safari hii tulimtii. Bati likaezekwa, na maji ya paa yakaongozwa kwa mfereji mpaka bwawani, jambo ambalo lisingaliwezekana kule mwembeni bila kuikata njia ya wageni. Kuwa karibu na jiko kumetufaa tena kwa njia tusiyoitazamia. Siku moja aliyekuwa akipika alimsikia mtoto wa jirani, asiyetimiza miaka mitatu, akicheka ukingoni na kuwaita samaki. Alimkimbilia akamshika mkono. Siku ile ile tulizungushia uzio wa mianzi, wenye mlango wa kufungwa kwa kamba, wala hatukula chakula cha mchana mpaka umekwisha.

Septemba iliyopita maji yalishuka, kama tulivyoambiwa. Sisi wenyewe ndio tuliochota, ndoo sita kila jioni baada ya shule, na kwa kuwa kisima ki juu na bwawa li chini, mzigo ulikuwa wa kuteremka. Perege wa kwanza alipelekwa kwa mjomba.

Lile shimo la chini ya mwembe lingalipo. Twalitupia majani na takataka za jikoni zipate kuwa mbolea, na wapitao njiani husimama wakauliza ni la nini.